Neno Hilo Lilipita Wapi? Maswali na Majibu

Televisheni ni Kigiriki au Kilatini? (Mwalimu, Ilemela)

Vyote viwili, Mwalimu. Tele ni Kigiriki, maana yake mbali. Visio ni Kilatini, kuona. Mrusi Constantin Perskyi alilitumia kwenye kongamano la umeme mjini Paris mwaka 1900, mashine yenyewe ikiwa bado ni ndoto. Wapo waliolidharau kwa kuwa limechanganya damu. Mimi sioni kosa. Ingia kibanda umiza chochote, vile vya kuonyeshea mpira, pale Igogo, utasikia "nusu fainali": nusu ni ya Kiarabu, fainali tumeipata kwa Waingereza na shina lake ni finis ya Kilatini. Hakuna anayelalamika.

Schistosoma, minyoo ya kichocho, si limetokana na "kusoma", maana huwapata sana wanafunzi? (Msomaji, Ukerewe)

Hapana, na naomba tuache kutafuta asili ya maneno kwa sikio. Schistos kwa Kigiriki ni kilichopasuka. Soma ni mwili. Jina limetokana na dume: mwili wake una mfereji kama ganda la maharage lililofunguka, na jike hulala humo. Soma hiyohiyo imo kwenye kromosomu. Kusoma kwetu ni Kibantu. Waganda ng'ambo ya ziwa wanasema okusoma. Ukidai neno limetoka mahali, onyesha lilipita wapi na nani alilibeba.

Na kwa kuwa umewataja wanafunzi: kila asubuhi nawaona watoto kwenye maji ya magotini, katikati ya majani, wakisuuza ndoo. Hapo ndipo wanapokaa konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kichocho hakisubiri mtu anywe maji, hupenya ngozi. Praziquantel, dawa ya kichocho, ikiletwa shuleni, mzazi usimzuie mtoto kuimeza.

Hippopotamus ni Kilatini?

Kigiriki: hippos farasi, potamos mto. Warumi walilipokea na kulipitisha. Na kiboko akiwa nchi kavu, usikae kati yake na maji.

Victoria je?

Kilatini, ushindi. Mpelelezi Mwingereza Speke alilipa ziwa jina la malkia wake mwaka 1858. Jina Nyanza lilikuwepo tayari.

Kiingereza si mtoto wa Kilatini?

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi. Si mtoto wake. Ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi. Kwa Kilatini kimekopa, mengi yakipitia Kifaransa baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Kiswahili nacho kimekopa Kiarabu na kimebaki Kibantu. Anayebisha alete ngeli ya ki-vi kutoka Kiarabu.