"Ametoka upande wa nani?"

Mdogo wangu alianza kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwapo, akiwa na miaka 20, mwaka wa pili chuoni. Aliacha kulala, akaziba dirisha kwa magazeti, akasema redio ya jirani inamtaja kwa jina. Tukakaa kikao cha familia kwa mama, Tanga, na kabla hata hospitali haijatajwa, shangazi akauliza: "Kwetu hakuna kichaa. Huyu ametoka upande wa nani?"

Swali hilo lilitupotezea karibu miaka miwili. Mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alichukua daftari akawa anaorodhesha ndugu zake mmoja mmoja: nani aliwahi kusema peke yake njiani, nani alirukwa na akili baada ya kujifungua. Alipomaliza ukoo akahamia kwenye mimba yenyewe, ndoo alizobeba, ugomvi aliouficha moyoni. Upande wa baba wao walikuwa wanakwenda kwa mganga. Na muda wote huo mgonjwa hakuwa na dawa. Kama familia yako iko kwenye kikao cha namna hii sasa hivi, nakuomba usome hadi mwisho.

Tulipofika kliniki ya afya ya akili, daktari aliniambia jambo ambalo nililifuatilia baadaye kwa kusoma. Seli ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba tunavyorithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba, na kila inapogawanyika hulazimika kuzinakili zote upya. Mama alilielewa nilipomkumbusha ubao wake. Mwalimu akikosea ubaoni, darasa zima linanakili kosa. Ndivyo lilivyo kosa lililokuwamo tangu kwenye yai au mbegu: liko katika kila seli, hata kwenye damu. Lakini mwanafunzi mmoja akikosea, na wawili watatu wakanakili kutoka kwake, kosa linabaki kwenye kona yao tu.

Ubongo wa mtoto aliye tumboni hutengeneza seli kwa mabilioni, na zipo zinazotoka na kromosomu iliyozidi au iliyopungua. Mwaka 2001 watafiti wa Moscow, akiwamo Yuri Yurov, walichunguza seli za ubongo za watu waliofariki wakiwa na skizofrenia, na kwa baadhi yao wakakuta seli chache zenye kromosomu 18 au X ya ziada. Nisikudanganye: waliochunguzwa walikuwa wachache, na seli zenye hitilafu za namna hiyo zimekutwa pia kwa watu wasiougua chochote. Hakuna anayeweza kusimama akasema chanzo ndicho hicho. Kilichonigusa mimi ni kwamba kosa laweza kuanzia ndani ya ubongo wenyewe, bila kuwamo kwa mama wala kwa baba, na bila mtu yeyote kulitenda. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo si zile ndoo?" Si ndoo, mama.

Sisemi urithi haupo. Upo. Katika watu 100, mmoja hivi hupata skizofrenia maishani. Kwa ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ni takriban 9. Lakini hata mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, mmoja akiugua mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Huko Scotland kuna ukoo uliofuatiliwa kwa miaka mingi, ambao vipande vya kromosomu 1 na 11 vimebadilishana nafasi. Waliorithi hitilafu hiyo moja, baadhi walipata skizofrenia, wengine sonona, na wengine hawakuugua kabisa. Niliishikilia sana habari hiyo wakati wa uchumba wangu, wakwe walipoanza kuulizia habari za mdogo wangu. Niliwaeleza yote, pamoja na hiyo 9 kwa 100. Usifiche; siri ikifichuka baada ya ndoa huuma zaidi kuliko takwimu.

Sasa upande wa fedha. Tuliwahi kushawishiwa kulipia kipimo cha damu cha vinasaba "ili tujue chanzo". Usikimbilie huko. Kosa lililo kwenye seli chache za ubongo halionekani kwenye damu, na matibabu ya kawaida hayangoji majibu hayo. Mahali pamoja tu ningekuambia umuulize daktari: kama mgonjwa alizaliwa na mdomo sungura au kaakaa lenye mpasuko, ana tatizo la moyo la kuzaliwa, kalsiamu yake hushuka, au alichelewa sana kusema na kujifunza. Dalili hizo kwa pamoja zaweza kuashiria kipande kilichokosekana kwenye kromosomu 22. Karibu robo ya wenye upungufu huo hupata skizofrenia au ugonjwa unaofanana nayo, na hapo kipimo kina maana, kwa sababu moyo na kalsiamu navyo vinahitaji kutazamwa.

Fedha nyingine ziweke kwenye nauli ya kliniki na dawa. Mdogo wangu alipoanza sindano ya kila mwezi, shingo ilikakamaa na mikono ikatetemeka. Shangazi akasema dawa zinamuua, nasi tukakaribia kuacha. Tulirudi kwa daktari, akapunguza dozi na kuongeza vidonge vya kulegeza misuli. Msiache dawa kimyakimya nyumbani. Bangi nayo, mwambieni ukweli bila kumtukana: kwa mtu kama yeye inaamsha sauti upya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia hivyo, siku moja tukiwa kwenye foleni.

Daftari la mama bado lipo. Kurasa za nyuma tunaandika tarehe za sindano, saa alizolala, na siku aliposema sauti zimepungua. Daktari huyasoma hayo kila tunapokwenda. Ile orodha ya ukoo hajawahi kuiomba.