Siku Zisizojumlishwa

Mmetuuliza wiki hii: kwa anayeishi ughaibuni, kipi kina hasara zaidi, kuhamahama nchi hadi nchi au kutulia mahali pamoja? Nimeyaishi yote mawili na sisiti: kuhamahama. Wengi watataja upweke, ila upweke humkuta hata aliyetulia, tena mwaka wake wa kwanza humkaba vibaya zaidi.

Kinachoumiza ni kwamba siku zako hazijumlishwi kukupa haki ya ukaazi. Chukua eneo la Schengen, nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao: anayeingia kama mtalii ana siku 90 ndani ya kila siku 180, basi. Unakaa ukihesabu siku kwa kidole, na hata urudi mara ngapi, siku hizo hazikusogezi popote. Mwenzako mwenye kibali, aliyekaa nchi moja miaka 5 mfululizo, katika sehemu kubwa ya Umoja wa Ulaya anaweza kuomba ukaazi wa muda mrefu.

Halafu afya. Daktari wa meno anakusafisha mzizi, anaziba jino kwa muda, anakwambia urudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikifika, uko nchi nyingine. Daktari mpya hana picha wala maelezo. Anapiga eksirei upya, unalipa upya, na historia nzima ya jino unaieleza kwa kuonyesha kidole. Kwa jino ni usumbufu tu. Mwenye kisukari au presha, anayebadilishiwa dawa na mtu asiyelijua faili lake, yuko hatarini.

Benki nayo inataka uthibitisho wa makazi, mara nyingi bili yenye jina lako. Chumba cha kulala wiki tatu hakina bili.

Kutulia kuna gharama zake, sikatai. Nchi nyingi zikikuona umezidisha siku 183 kwa mwaka, zinakuhesabu mlipakodi wao. Lakini kuzungukazunguka si kinga: huenda nchi uliyotoka bado inakudai, na Marekani hutaka raia wake watoe hesabu ya mapato yao popote walipo.

Anayezunguka, kwa kazi au kwa mapenzi yake, achague angalau mji mmoja wa kurudia kila mwaka, na daktari wake awe huko. Kwingineko, nakala ya eksirei aidai kabla hajalipa.