Maswali yenu ya kikapu: kocha au staa?

Meseji za wiki hii nusu nzima ni swali moja tu limeandikwa kwa namna tofauti. Nimechagua tano.

Kaka, nani analeta ubingwa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), kocha au staa? (Mwanga)
Hili nimelijibu mara nyingi mno, jamani someni na majibu ya wenzenu kabla hamjatuma. Staa kwanza. Kocha Steve Kerr alibeba ndoo na Golden State Warriors 2015, 2017 na 2018 akiwa na staa Stephen Curry, halafu msimu wa 2019-20 Curry akavunjika mkono, mwenzake Klay Thompson nje msimu mzima, staa mwingine Kevin Durant kashahama, Kerr yule yule akashinda mechi 15 akapoteza 50. Ujuzi haukumtoka, watu wa kuufanyia kazi ndo hawakuwepo.

Kwa hiyo Phil Jackson alibebwa na Jordan? (Kasulu)
Hapana, na hapa ndo mnanichosha, mkisikia staa kwanza mnadhani kocha kazi yake kupiga filimbi. Jordan kaingia ligi 1984, anafunga kuliko wote, lakini Detroit Pistons wakaitoa timu yake, Chicago Bulls, 1988, 1989 na 1990, wakimjazia watu kila akishika mpira maana walijua hatoi. Jackson alipewa ukocha wa Bulls 1989, yeye na msaidizi wake Tex Winter wakaleta mfumo wa pembetatu, mpira unazunguka, Jordan anatakiwa auachie na wenzake nao wafunge. 1991 wakachukua ubingwa, na zote sita za Jordan kazipata chini ya Jackson. Kocha anayeweza kumwambia mtu kama yule toa pasi, na akatoa, huyo habebwi na mtu.

Kocha akifukuzwa katikati ya msimu timu si inakufa? (Kibondo)
Sio lazima. Cleveland Cavaliers walimfukuza kocha David Blatt Januari 2016 wakiwa wameshinda mechi 30 na kupoteza 11, Juni wakabeba kombe na Tyronn Lue aliyechukua nafasi yake.

Mastaa watatu timu moja, nani atawaweza? (Uvinza)
Timu ya Brooklyn Nets walikuwa na Durant, James Harden na Kyrie Irving, wakacheza pamoja mechi 16 tu za ligi ya kawaida. Ubingwa hakuna.

Mwanangu ana miaka 14, mrefu kuliko baba yake. Atafika kama Thabeet? (Mama wa Ujiji)
Shikamoo mama. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, mbele ya Harden na Curry, ni heshima kubwa kwa Tanzania, ila kikapu alikianza kachelewa na kule hakudumu. Urefu unakufungulia mlango tu mama. Jumamosi nilikuwa uwanjani kwetu, kuna dogo mrefu nusu saa nzima anarukia ringi, hakuna aliyemwambia kitu, mpaka mzee mmoja anayefundisha pale akachukua mkaa akamchorea nyayo mbili kwenye sementi, mguu huu hapa, ule pale, geuka, sasa rusha. Dogo kakosea weee, baadaye zikaanza kuingia bila hata kuruka. Watoto wetu wanakosa huyo mzee, vipaji tunavyo. Na mtu akikwambia atampeleka mtoto Marekani ila utangulize hela, usitoe hata mia. Mlete Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, avae raba, asije na ndala, ile sementi ina nyufa.