Maswali ya Wasomaji: Wakala wa Akili Mnemba Asome Barua, Asiidhinishe Malipo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhandisi katika taasisi ya serikali inayosimamia ujenzi wa barabara. Kampuni moja imetuletea pendekezo la mawakala wa akili mnemba, yaani programu zinazopewa lengo kisha zikatenda zenyewe: kusoma barua za mkandarasi, kufuatilia ratiba, na hata kuidhinisha hati za malipo. Wakubwa wangu wamevutiwa, mimi nina mashaka. Tuwaachie kazi zipi, na wakikosea nani atawajibika?

JIBU: Ndugu Mhandisi, mashaka yako yana msingi, lakini yasikufanye ukatae pendekezo lote.

Anza na barua. Tuseme mkandarasi ameandika kurasa tatu kuhusu mvua na ubovu wa mitambo, kisha katika aya ya mwisho akataja kwamba bomba la maji halijahamishwa na kwamba anadai nyongeza ya muda. Chini ya mikataba ya FIDIC ya mwaka 2017, yaani mikataba ya mfano ya ujenzi inayotolewa na shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mkandarasi anatakiwa kutoa taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika, la sivyo anaweza kupoteza haki yake. Hata hivyo, mhandisi msimamizi naye ana siku 14 tu za kumjulisha kwamba amechelewa, na akinyamaza, taarifa huhesabiwa kuwa halali, ingawa mwajiri, yaani mwenye mradi, bado anaweza kuipinga. Barua kama hiyo ikilala masjala wiki tatu, mmeshajiweka pabaya. Wakala anayesoma kila barua siku inapoingia, akaionyesha aya hiyo na kuhesabu siku zilizobaki, anastahili gharama yake.

Hati ya malipo ni jambo jingine. Wakala anaweza kulinganisha kiasi kinachodaiwa na jedwali la vipimo na bei, akagundua kwamba kifusi kilekile kilidaiwa mwezi uliopita, lakini hawezi kujua kama kifusi hicho kimeshindiliwa. Anachokijua ni kile kilichoandikwa kwenye fomu ya vipimo, na kama fomu ilijazwa ofisini badala ya barabarani, atauthibitisha uongo huo haraka kuliko karani yeyote. Unene wa tabaka na sampuli za maabara bado vinamhitaji mtu aliyekanyaga eneo la kazi.

Kwa hiyo apewe ruhusa ya kusoma na kuandika rasimu, asipewe ya kutuma barua nje wala ya kuingia katika mfumo wa malipo. Katika tathmini ya zabuni tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu mzabuni mjanja anaweza kuficha ndani ya nyaraka zake maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe, yasiyoonekana kwa macho ya mtu, yanayomwagiza wakala ampe alama za juu. Udhaifu huu unajulikana vizuri kwa wataalamu na haujapata tiba kamili.

Kuhusu uwajibikaji, jibu ni fupi: wakala si mtu mbele ya sheria, na anayebanwa na mkaguzi ni yule aliyetia sahihi. Tunzeni kumbukumbu ya kila pendekezo la wakala, nyaraka alizozitumia, na jina la afisa aliyelikubali au kulikataa. (Ofisi ambayo haijawahi kukataa hata pendekezo moja, mimi ningeshuku kwamba haisomi.)

Kabla ya kununua, ipeni kampuni hiyo barua za mradi uliokwisha kufungwa, ambao madai yake mnayajua yaliishaje, mwone wakala ameruka taarifa ngapi na amebuni ngapi zisizokuwapo. Mkiridhika, mkataba utamke wazi kwamba nyaraka zote zinabaki mali ya serikali na kwamba mtakabidhiwa zote, katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, siku mtakapoachana.