Prosesa mpya, kioo cheusi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina stesheneri hapa Ujiji. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Core i3-2120, na nikifungua picha za pasipoti huku nachapa mitihani inaganda. Mdogo wangu kanitumia Core i5-3470 ya mtumba kutoka Dar, akasema tundu ni lile lile. Nimeifunga mwenyewe. Feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii. Nikirudisha ya zamani, inawaka kama kawaida. Je, nimeuziwa prosesa mbovu?
Mwenye stesheneri, Ujiji

JIBU: Marahaba, dada. Kwa kurudisha ile ya zamani umeshanifanyia nusu ya kazi: pawasaplai, RAM na waya wa kioo ni vizima. Mdogo wako usimgombeze bado.

Tundu kweli ni moja, LGA 1155. Ila i3 yako ni ya kizazi cha 2011, na hiyo i5 ni ya 2012. Kama bayosi ya madabodi yako, yaani ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoiamsha mashine, ni ya kabla ya hapo, haimtambui huyu mgeni. Feni zitazunguka tu, maana hazingoji prosesa, lakini picha huioni.

Ukiwa na i3 ndani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome toleo la bayosi na tarehe yake. Kisha fungua boksi utafute jina la bodi lililochapwa juu yake, ulitumie kujua chipseti yake, ile chipu ya bodi inayoongozana na prosesa. Chipseti ikiwa H61, bayosi mpya kwa kawaida humaliza kazi. Ikiwa B65, Q65 au Q67, acha; hizo hazikuandaliwa kwa prosesa za 2012, na zimo kwenye mashine nyingi za mtumba zilizotoka maofisini. Hapo badilishana upewe i5-2400, ya kizazi kile kile cha i3 yako, lakini ujue hiyo ni ya wati 95, i3 yako ni 65, kwa hiyo feni ndogo inaweza kuzidiwa.

Bayosi ichukue kwa mtengenezaji wa bodi mwenyewe, ya modeli ile ile hadi namba ya toleo la bodi. Na umeme! Miaka ya nyuma, pale Mwanga, nilikuwa nasasisha bodi ya mteja mchana kweupe, umeme ukakatika katikati. Haikuamka tena, nikailipa. Tumia UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, na kwanza chomoa plagi yake ukutani uone kama inashika dakika kumi. Nyingi zimebaki kupiga kelele tu. Printa ya leza usiichomeke humo.

Kabla ya kurudisha i5, mulika tundu kwa tochi ya simu, kwa upande. Pini zote zinang'aa kwa mstari mmoja. Iliyopinda utaiona inang'aa kivyake. Usiiguse kwa kidole, ipeleke mashine kwa fundi. Pini ikipinda, au feni ikikazwa upande mmoja, mashine huweza kuwaka ikaonyesha nusu ya RAM, watu wakaenda kununua RAM bure. Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko.

Lakini kuganda ukiwa na picha na mitihani kwa pamoja, mimi ningeanza na diski. Kama ndani bado kuna ile ya kuzunguka, hela ya prosesa ningeipeleka kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka.