Mshahara wa majeruhi NBA: fungua vitabu viwili

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupiga hesabu za mishahara ya timu za NBA, nianze na kosa langu, maana naliona likirudiwa kila msimu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa timu yenye mchezaji aliyeumia goti. Nilishajua kwamba mchezaji aliyekatiwa bima ya ligi akikosa mechi 41 mfululizo, bima hulipa asilimia 80 ya mshahara wake kwa mechi zinazofuata. Nikaitoa fedha hiyo kwenye jumla ya mishahara ya timu. Mkuu wangu alinirudishia karatasi, akaniuliza bima inamlipa nani.

Inamfidia mwenye timu. Mchezaji anaendelea kupokea mshahara kama mkataba ulivyomhakikishia, na mshahara huo unahesabika wote kwenye kikomo cha mishahara ambacho ligi huiwekea timu. Tangu siku hiyo nafungua vitabu viwili: kimoja cha fedha inayotoka mfukoni, kingine cha fedha inayohesabiwa na ligi. Ukivichanganya, utamshauri kocha asajili mtu ambaye hana nafasi ya kumlipa.

Mtasikia pia kuhusu ruhusa ya kuziba pengo la majeruhi. Timu ikipewa, inaweza kusajili mtu kwa nusu ya mshahara wa aliyeumia, bila kuvuka kiwango kilichowekwa na ligi. Jina la majeruhi halifutwi. Yeye na mbadala wake wote wanahesabiwa, na kodi ya anasa, ile timu inayotozwa na ligi mishahara yake ikizidi kiwango fulani, inawafuata wote wawili.

Njia ya kumwondoa majeruhi kabisa kwenye kitabu cha ligi kwa sababu ya jeraha ni moja: jeraha lililomaliza maisha yake ya uchezaji. Mwaka lazima upite tangu mechi yake ya mwisho, timu iwe imemtema, na madaktari wasioegemea upande wa timu wathibitishe. Chris Bosh wa Miami Heat alicheza mara ya mwisho tarehe 9 Februari 2016, damu ikawa inamganda mwilini. Alitemwa Julai 2017. Dola zaidi ya milioni 25 za msimu uliofuata zikatoka kwenye hesabu ya Heat, naye akalipwa haki yake yote. Hapo sheria ilifanya kazi ipasavyo kwa pande zote, na napenda muisome kesi hiyo kwa utulivu.

Isomeni pamoja na ya Darius Miles. Portland Trail Blazers walimtema mwaka 2008 baada ya daktari kusema goti limekwisha. Miles akarudi uwanjani akiwa na Memphis Grizzlies, na Januari 2009 akafikisha mechi ya kumi, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa mpaka: akiifikia, mshahara uliofutwa unarudi kwenye hesabu ya timu iliyomtema. Dola milioni 18 za misimu miwili zikarudi kwenye hesabu ya Portland. Mechi za maandalizi alizocheza akiwa na Boston Celtics nazo zilihesabiwa! Portland walifikia hatua ya kuzitishia timu nyingine kwa mahakama ili zisimsajili. Mimi nasimama na Miles: mtu aliyepona ana haki ya kucheza, na hesabu za timu haziwezi kumfungia mlango. Baadaye mpaka ulisogezwa hadi mechi 25.

Kwa hiyo mkikabidhiwa faili la majeruhi, tafuteni kwanza tarehe ya mechi yake ya mwisho, iandikeni juu kabisa ya ukurasa, na msiguse tarakimu nyingine mpaka muwe na uhakika nayo.