Kaenda kupima miwani, kaambiwa akapime presha na moyo: jibu kwa mdau wa Uyole

Mkuu, umeeleza kwamba mzee wako, miaka 58, kaenda kupima miwani Mbeya mjini. Daktari wa macho kamtia matone, kamulika, kisha kaandika kwamba mishipa ya nyuma ya jicho imesinyaa, akapime presha, sukari na moyo. Mzee kagoma, anasema kilichompeleka ni macho, na wewe unauliza kama kapigwa hela. Hajapigwa. Mpelekeni wiki hii hii.

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ndio unaopokea mwanga. Unalishwa na mishipa myembamba mno, na hapo ndipo mahali pekee mwilini ambapo daktari anaiona mishipa ya aina hiyo ikiwa hai, damu ndani yake, bila kuchana ngozi. Kifaa cha kuchungulia alikibuni Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851. Mishipa midogo kama hiyo iko pia kwenye figo, ubongo na nyama ya moyo, ila huko hakuna dirisha. Presha inayoiumiza jichoni haiiachi salama kwingine.

Daktari akichungulia anaona mishipa ya aina mbili ikitambaa pamoja: ateri, nyembamba na nyekundu ya kung'aa, na vena, pana na nyeusi kidogo. Kwa mtu mzima wa afya, upana wa ateri ni kama theluthi mbili ya vena. Presha ikikaa juu kwa miaka, ukuta wa ateri unanenepa na njia ya damu inabana. Ukuta mnene huo hurudisha mwanga, ndipo mshipa unapoonekana kama waya wa shaba, na hali ikizidi, kama waya wa fedha. Ila pa kutazama zaidi ni pale ateri inapovuka juu ya vena. Hapo mishipa hiyo miwili imefungwa ndani ya ganda moja, haina pa kukwepana. Ateri iliyokakamaa inaikalia vena kama bomba la chuma lililolazwa juu ya mpira wa kumwagilia bustani: vena inaonekana kama imekatwa pande zote mbili za makutano. Damu ikizubaa hapo inaweza kuganda, vena ikaziba, na damu ikavujia kwenye retina.

Mwaka 1939 madaktari Keith, Wagener na Barker wa Marekani walizipanga hali hizi katika madaraja manne, na bado utayakuta kwenye vyeti. La kwanza ni kusinyaa, la pili ni huko kukaliwa kwa vena. La tatu kuna damu iliyovuja mfano wa miali ya moto na madoa meupe kama pamba, maana yake vipande vya retina vimekosa damu. La nne, kichwa cha neva ya jicho kimevimba. Ukiona la tatu au la nne, usisubiri wiki: ni hospitali siku hiyo hiyo.

Cheti hicho hakisemi mzee ana ugonjwa wa moyo. Kinasema mishipa midogo imeumia, na mwenye mishipa hiyo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kiharusi na moyo kuliko asiye nayo. Mtu anaweza kuwa na retina safi kabisa na mshipa mkubwa wa moyo umeziba nusu. Umri pekee nao husinyaza mishipa kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa Google walionyesha kompyuta inavyoweza kukadiria umri, uvutaji sigara na presha ya mtu kwa picha ya retina tu. Ni kazi nzuri, lakini haichukui nafasi ya mashine ya presha.

Tena tusichanganye maneno, maana hapa wengi hupotea: "presha ya macho" si presha ya damu. Presha ya macho ni msukumo wa maji ndani ya jicho, unaohusiana na glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), na una dawa zake. Mzee akipimwa presha ya macho akaambiwa iko sawa, bado hajapimwa presha ya damu. Na matone ya glakoma yaitwayo timololi huingia mwilini, yakapunguza mapigo ya moyo na kubana kifua cha mwenye pumu. Anayeyatumia amtajie daktari wa moyo.

Kwenye kupima presha, Mbeya tuna shida yetu: baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu wanafungiwa mkanda juu ya sweta, au wanakunja mkono wa koti mpaka unakaba bega. Vyote hutoa namba ya uongo, na baridi yenyewe hupandisha presha. Avue, akae ndani dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Apimwe mara mbili, arudie siku nyingine. 140/90 na kuendelea kwa siku tofauti, hiyo ni presha. Ikifika 180/120 na kichwa kinauma sana, kifua kinabana au macho yana ukungu, ni dharura.

Waombeni pia sukari ya asubuhi kabla ya kula (7.0 mmol/L na kuendelea, ikirudiwa, ni kisukari), mafuta ya damu, protini kwenye mkojo, kipimo cha figo na ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Akipewa vidonge, asizidishe dozi ili presha ishuke haraka. Mishipa iliyozoea msukumo mkubwa ikishushiwa ghafla, ubongo na macho hukosa damu. Madoa ya pamba na damu huondoka taratibu presha ikitulia, lakini alama za makutano hubaki. Akichunguliwa mwakani zikaonekana tena, asidhani dawa hazifanyi kazi, akaziacha.

Kuna dalili moja nisiyotaka mtu aipuuze: jicho moja linazimika ghafla bila maumivu, kama pazia limeshushwa, hata likirudi baada ya dakika chache. Mara nyingi hicho ni kipande cha mafuta au damu iliyoganda kutoka mshipa wa shingo au moyoni. Ni onyo la kiharusi. Asipelekwe duka la miwani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya kurudi kwa daktari wa macho, matone ya kupanua mboni huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu hukaa saa 4 hadi 6. Asiendeshe pikipiki. Avae kofia pana, awe na mtu wa kumshika mkono stendi. Cheti cha macho kikae pamoja na kadi ya kliniki ya presha, daktari wa huko akisome.